Upepo wa Jua na Nuru za Ncha za Dunia

Katika nchi zilizo karibu na ncha za dunia, kama vile Norwei na Kanada, usiku huonekana angani nuru za kijani na nyekundu zichezazo mfano wa mapazia. Chanzo chake ni jua. Lakini si miali ituangazayo mchana, bali ni upepo utokao katika jua hilo. Usiku mmoja nuru hizo huwaka sana, usiku mwingine hufifia, ingawa upepo huo hauachi kuvuma. Tofauti hiyo husababishwa zaidi na mwelekeo wa sumaku iliyomo ndani ya upepo wenyewe.

Upepo wa jua si hewa. Ni plazima, yaani gesi yenye joto kali mno ambayo atomi zake zimevunjika zikawa elektroni zenye chaji hasi na viini vyenye chaji chanya. Husafiri kwa mwendo wa kadiri ya kilometa 400 kwa sekunde, na huchukua siku nne hivi kuzimaliza kilometa milioni 150 zilizopo kati ya jua na dunia. Safarini hubeba uga wa sumaku wa jua. Ufikapo karibu na dunia, uga huo huwa na nguvu ya kadiri ya nanotesla 5 tu, ilhali uga wa dunia, hapa ardhini, unazidi nanotesla 20,000.

Hata hivyo, uga huo dhaifu ndio uamuao kiasi cha nishati kitakachoingia. Dunia nayo ni sumaku kubwa, na mistari ya uga wake huelekea kaskazini upande unaolikabili jua. Endapo uga wa upepo unaelekea kaskazini pia, sehemu kubwa ya upepo hupita kando, kama maji ya mto yapitavyo kando ya jiwe. Endapo unaelekea kusini, mistari ya pande zote mbili hukatika na kuungana upya, na mlango hufunguka. Maelezo hayo yalitolewa mwaka 1961 na mwanafizikia Mwingereza, James Dungey. Mistari iliyoungana huburutwa hadi upande wa usiku wa dunia, ikafanya mkia mrefu ambamo nishati hulimbikizwa kama katika upinde uliovutwa. Mkia ukielemewa, mistari huungana tena huko, na nishati hufyatuka kuelekea duniani.

Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na mawimbi. Mtu akiitikisa kamba iliyofungwa mtini, wimbi huifuata kamba hiyo. Vivyo hivyo mistari ya uga ikitikiswa ndani ya plazima hupitisha mawimbi. Mawimbi hayo yalitabiriwa mwaka 1942 na Hannes Alfvén wa Sweden, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1970. Elektroni zenye mwendo ulio karibu na ule wa wimbi husukumwa mbele, kama ngalawa ichukuliwavyo na wimbi liendalo pwani. Jambo hilo lilionyeshwa kwa majaribio katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2021. Elektroni hizo zigongapo oksijeni, kwenye kimo cha kilometa 100 na zaidi, huipa nishati, nayo oksijeni huitoa kama nuru: ya kijani chini, na nyekundu kwenye kimo kinachozidi kilometa 200.

Elimu hii ina faida kwa maisha ya watu. Usiku wa tarehe 13 Machi 1989, mikondo ya umeme iliyoandamana na nuru hizo angani ilizusha mikondo mingine ardhini katika jimbo la Quebec, Kanada. Kwa kuwa miamba ya huko haipitishi umeme kwa urahisi, mikondo hiyo iliingia katika nyaya na transfoma. Kwa muda usiozidi dakika mbili mfumo wa umeme uliporomoka, na watu milioni 6 wakakaa gizani kwa saa tisa hivi.

Siku hizi dhoruba huweza kuonekana ikitoka katika jua siku moja au zaidi kabla ya kufika. Lakini mwelekeo wa sumaku yake haujulikani kwa yakini mpaka ipite kwenye vyombo vya anga vilivyo umbali wa kilometa milioni 1.5 kutoka duniani. Upepo wenye mwendo wa kilometa 800 kwa sekunde humaliza masafa hayo kwa nusu saa. Huo ndio muda walio nao wasimamizi wa mitambo ya umeme kupunguza mzigo wa nyaya zao.