Mwache Naye Akusaidie

Mtoto akishapata kazi nzuri mjini, jambo la kwanza analotamani kumfanyia mama yake ni kumpumzisha. Anamtoa kijijini, anampa chumba chenye choo ndani, anamwekea televisheni na dada wa kazi, kisha anamwambia: "Mama, umehangaika vya kutosha. Wewe sasa ni kula na kulala." Haipiti miezi mingi mama anaanza kulalamika. Miguu inauma, usingizi hauji, chakula hakipiti. Anapimwa presha, anapimwa sukari, anapimwa kila kinachopimika, na majibu yanatoka mazuri. Sisi wa ushauri nasaha tunamfahamu mama huyu, maana huletwa kwetu mwisho kabisa, wakati familia imeshachoka kulipa bili. Ukimuuliza, "Siku hizi nani anakutegemea, mama?" anaangalia chini.

Watoto wake hawajakosa upendo. Walichokosa ni kujua kwamba mtu hashibi kwa kupewa tu.

Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walichapisha utafiti walioufanya kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Connecticut. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa mambo ya maisha yao yako mikononi mwao: wapange vyumba wapendavyo, wachague siku ya kuangalia sinema, na kila mmoja akapewa mche wa maua autunze mwenyewe. Wa ghorofa nyingine nao walipewa miche, ila wakaambiwa wauguzi ndio watakaoimwagilia. Wiki tatu baadaye wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi, wakitembeleana na kushiriki mambo mengi zaidi. Wazee wenyewe hawakufika 100, na hesabu zilizofuata baadaye zimezua mabishano, kwa hiyo mimi siutwishi utafiti huo zaidi ya uwezo wake. Hata hivyo, wote walipewa mche. Tofauti ilikuwa ni nani anayeutegemea mkono wa nani.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1981, mwanasosholojia Morris Rosenberg na mwenzake Claire McCullough waliandika kuhusu hisia ya mtu kujiona ana uzito kwa wenzake. Walikuwa wakichambua takwimu za vijana, wala si za wazee. Walisema mtu hujiona ana uzito pale anapoona kwamba wengine wanamwona, kwamba wanajali yanayompata, na kwamba wanamtegemea kwa jambo fulani. Mambo mawili ya kwanza tunayajua vizuri katika jamii zetu. Tunasalimiana mpaka habari za mbuzi, tunajaa msibani, tunachanga kwa mgonjwa. Hilo la tatu ndilo linalotuponyoka, hasa tukishakuwa na uwezo kidogo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Harare. Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe iliendesha Operesheni Murambatsvina, ikabomoa nyumba na vibanda vya biashara vya watu wa kipato cha chini mijini. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa watu 700,000 hivi walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Nchi nzima ilikuwa na madaktari wa magonjwa ya akili wachache mno, na mmoja wao, Dixon Chibanda, alitaka kufanya kitu katika kitongoji cha Mbare. Fedha hazikuwepo, vyumba havikuwepo, na wauguzi walikuwa wamezidiwa. Waliokuwepo ni mabibi 14 waliokuwa wakijitolea katika afya ya jamii, na nafasi ya kuketi nje ya zahanati. Kazi ikaanza mwaka 2006 kwenye benchi la mbao chini ya mti.

Daktari alitaka kuliita benchi la afya ya akili. Mabibi wakamwambia wazi kuwa hakuna atakayekubali kuonekana amekaa hapo. Likaitwa benchi la urafiki. Wakayakataa pia maneno ya vitabuni, wakashikilia neno ambalo kila Mshona analijua, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Na daktari, tumpe sifa yake, akawasikiliza. Hapo ndipo naona siri ya mpango mzima ilipoanzia, kabla hata mgonjwa wa kwanza hajaketi: bingwa alihitaji kitu ambacho bibi anacho na yeye hana, naye akakubali kwamba anakihitaji.

Mgonjwa akifika huulizwa maswali 14 kuhusu hali yake, kisha husimulia. Bibi hamwambii la kufanya, ingawa ni bibi, na tunawajua mabibi. Amefundishwa kujizuia. Anamsaidia mgonjwa ataje shida zake zote, achague moja, kisha yeye mwenyewe abuni hatua ndogo ya kuikabili hiyo moja. Wiki inayofuata anarudi kueleza imekuwaje. Baada ya vikao kadhaa anakaribishwa kwenye kikundi kinachoitwa Kubatana Tose, cha waliopitia benchi hilo. Huko wanafuma mabegi kwa plastiki zilizotumika huku wakizungumza. Yule aliyekuja kusikilizwa, sasa kuna mwenzake anayemsubiri amsikilize.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika JAMA, jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Utafiti ulihusisha zahanati 24 za Harare na wagonjwa 573. Miezi sita baadaye, katika kundi lililopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo, karibu nusu walikuwa bado na dalili za sonona. Katika kundi la benchi walikuwa asilimia 14 hivi. Mpango huo umeshavuka mipaka na kufika Malawi, na Zanzibar pia.

Na anayetoa msaada, yeye anapata nini? Stephanie Brown na wenzake walifuatilia jozi 423 za wenzi wazee huko Michigan kwa miaka mitano na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Waliosema wanawasaidia majirani, ndugu, marafiki au wenzi wao walikuwa na uwezekano mdogo wa kufariki katika kipindi hicho, hata baada ya watafiti kuzingatia tofauti za afya na umri. Kupokea msaada peke yake hakukuonyesha faida hiyo. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba kimoja kimesababisha kingine, lakini unatosha kutufanya tumtazame upya yule mama tuliyempokonya jembe.

Hapa pana mtego, na watu wema ndio hunasa. Kama kusaidia kunampa mtu maana ya maisha, basi anayesaidia muda wote anajilimbikizia maana hiyo, na anayesaidiwa muda wote anaikosa. Wapo wasaidizi wanaopenda kuhitajika kuliko wanavyompenda wanayemsaidia. Utawajua kwa namna wanavyokataa kupokea. Ukiwapelekea ndizi wanakwambia, "Ya nini kujisumbua?" Wanadhani ni unyenyekevu. Aliyekuja na ndizi anarudi nyumbani akiwa mdogo kuliko alivyokuja.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa familia mara nyingi huwa wa kushangaza: muombeni kitu. Ila kiwe kitu cha kweli. Kumpa mzee mchele uliokwisha kuchambuliwa auchambue tena ni kumtania, na mzee hutambua mara moja. Baba aliyekuwa mhasibu apewe daftari la mchango wa harusi, na hesabu yake ndiyo ifuatwe. Shangazi anayejua koo zote aulizwe kabla ya posa kupelekwa, si baada. Kijana aliyekaa nyumbani miaka miwili bila ajira apewe jambo ambalo asipolifanya halitafanyika, kisha asisimamiwe. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu atakosea, na sisi tunapenda mambo yaende haraka.

Yupo lakini ambaye leo hawezi kutegemewa kwa lolote. Sonona imembana, kuamka kitandani ni safari. Huyo ukimwongezea jukumu unamwongezea ushahidi kwamba ameshindwa. Anza naye kwa kumwona tu. Huko San Francisco daktari Jerome Motto alifanya kazi na watu 843 waliokuwa wamelazwa kwa sonona au kwa kutaka kujiua, kisha wakakataa kuendelea na matibabu. Karibu nusu yao waliandikiwa barua fupi: twakukumbuka, tunatumaini u mzima, ukitaka kutuandikia tutafurahi. Hazikudai jibu wala hazikuulizia dawa. Zilienda kila mwezi kwa miezi minne, kisha kila miezi miwili, kisha kila miezi mitatu, mpaka ikatimia miaka mitano. Katika miaka miwili ya kwanza, waliojiua miongoni mwa walioandikiwa walikuwa wachache kuliko miongoni mwa wasioandikiwa.

Barua hizo hazikuwa badala ya hospitali, na mabibi wa Harare nao humpeleka kwa wasimamizi wao kila anayetaja kujiua. Fanya hivyo hivyo: anayesema ni heri asingekuwepo apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, na mtu akae naye. Baada ya hapo ndipo kazi yako inapoanza, nayo ni ndefu. Ujumbe mfupi wa simu unatosha. Usimuulize amefikia wapi, usimtumie mahubiri, na asipojibu usimhesabie. Mwezi ujao tuma mwingine.