Skrini Mbili kwa Kompyuta Moja Kuukuu

Mwalimu wa Ipogolo, bondeni chini ya mji wa Iringa, afundishaye kwa kompyuta kuukuu ya mezani, hukabiliwa na tatizo hili: akifungua majibu ya zoezi, darasa zima huyaona. Skrini ya pili huliondoa. Moja huwa ya mwalimu, nyingine ya wanafunzi. Projekta nayo huhesabiwa kuwa skrini.

Kwanza na atazame nyuma ya kompyuta. Tundu lenye vishimo 15 katika safu tatu, aghalabu la buluu, ni la VGA, mtindo ulioletwa na IBM mwaka 1987. Wengi hukimbilia waya wa kugawa picha kwa kuwa ni rahisi. Waya huo hautufai hata kidogo: hurudia picha ile ile kotekote, na majibu yangali wazi. Linalohitajika ni tundu la pili, la DVI au HDMI. Lisipokuwapo, kadi ya picha huongezwa ndani, umeme ukiwa umechomolewa. Kasha jembamba huhitaji kadi fupi. Tena, katika mashine nyingi za zamani tundu la awali hulala kadi ikichomekwa. Hivyo kadi yenyewe iwe na matundu mawili.

Kwenye Windows 7 ya mwaka 2009, au zilizofuata, kitufe cha Windows hubonyezwa pamoja na P. Katika machaguo manne yatokeayo, la pili hunakili picha. La tatu hutanua uwanja, nalo ndilo letu. Mwalimu na aburute zoezi hadi skrini ya wanafunzi, majibu yabaki kwake, na ajaribu hayo yote kabla ya kengele kulia.