Mashimo ya Nguzo za Shanga

Huku Itaka, mbali na pwani, twasikia ikihubiriwa kwamba Uislamu uliletwa Afrika Mashariki na wafanya biashara ya watumwa wa karne ya 19. Neno hilo lavunja Amri ya Nane, na udongo wa Shanga, kisiwani Pate nchini Kenya, walikanusha. Mark Horton alichimba huko miaka ya 1980. Chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa alikuta misikiti kadhaa, mmoja juu ya mwingine. Ule wa chini kabisa, wa karne ya 8, ulikuwa mdogo, wa miti, kama nyumba za wenyeji. Kilichosalia ni mashimo ya nguzo. Matumbawe yalifuata baadaye. Hata sarafu ndogo za fedha zilipatikana, zenye majina ya watawala Waislamu wa pwani hiyo hiyo.