Nani Anashika Daftari la Kambi?

Barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma inapita mlangoni mwa Serengeti. Pale Ndabaka, wilayani Bunda, lango la magharibi la hifadhi liko kando ya lami, na mtalii aliyeondoka Mwanza alfajiri anaweza kuwa ndani akitazama wanyama kabla jua halijapanda sana. Usiku atalala hifadhini au kwenye kambi ya mwekezaji, kesho yake atashika njia ya Seronera na Arusha. Bunda itakuwa imemtimulia vumbi na pengine kumuuzia chupa ya maji. Takwimu za utalii hutajwa kwa vichwa vya wageni, lakini fedha haifuati kichwa, inafuata kitanda. Alipolala mgeni ndipo alipokula, ndipo kuku aliponunuliwa, ndipo walipopata kazi mpishi, mlinzi na mfua mashuka. Kwa hiyo kwa wilaya kama Bunda na Butiama, na hata kwa Musoma mjini, wageni kuwa wengi ni jambo la pili. La kwanza ni kujua kitanda ni cha nani. Naamini kambi za wageni zinazomilikiwa na kuendeshwa na wanakijiji zinawezekana mkoani Mara, ilimradi fedha ihesabiwe mbele ya wenye kijiji, palepale inapoingia.

Mfano ulio karibu uko Uganda, kwenye msitu wa mvua wa Bwindi. Msitu huo ulipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991, watu waliozoea kupasua mbao, kurina asali na kutega wanyama humo walifungiwa nje, na Wabatwa, ambao msitu ulikuwa nyumba yao tangu enzi, wakaachwa bila ardhi. Chuki ilikuwa kubwa. Utalii wa gorila ulipoanza mwaka 1993, wakazi wa Buhoma, kijiji kilicho langoni, walifungua kambi yao wenyewe: vibanda, mahema, jiko, na baadaye matembezi ya kijijini yanayoongozwa na vijana wa hapo. Kambi ni mali ya chama chao cha maendeleo, na faida imekwenda kwenye shule, maji na afya. Mgeni anayelala hapo hapati anasa ya kambi za kifahari zilizokuja kujengwa jirani. Anachopata ni banda safi, chakula kilichopikwa na watu wa kijiji na msitu ulio mbele ya kibaraza. Machi 1999 waasi waliovuka kutoka Kongo waliivamia Buhoma wakaua watalii wanane na mhifadhi mmoja. Biashara nyingi zingeishia hapo. Kambi ya kijiji iliendelea, na sababu mojawapo, nadhani, ni kwamba wenyewe hawakuwa na pengine pa kuhamishia mtaji.

Hapo msomaji makini atauliza: je, fedha hizo si kidogo tu, na nyingi zinaishia Kampala na Ulaya? Ni kweli. Mtafiti Chris Sandbrook, aliyefuatilia fedha za watalii Bwindi, alichapisha mwaka 2010 kwamba zaidi ya robo tatu ya fedha hizo ilivuja nje ya eneo. Wanaoupinga utalii wa vijijini hupenda kuishia kwenye sentensi hiyo. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kuwa kile kidogo kilichobaki kilikuwa karibu mara nne ya vyanzo vingine vyote vya mapato ya eneo vikijumlishwa. Pipa linalovuja ni hasara kwa mwenye pipa kubwa, lakini kwa nyumba ambayo haikuwa na maji kabisa hesabu ni nyingine. Linaloamua ni sehemu inayobaki, na anayeigawa.

Hoja ya pili huja haraka: Buhoma wana gorila, na kibali kimoja cha kuwaona gorila sasa ni dola 800 kwa mgeni wa nje. Mara hatuna gorila wala msitu wa mvua. Lakini kibali hicho ni mapato ya serikali ya Uganda. Kambi inaishi kwa kulaza na kulisha watu. Na Uganda hiyohiyo ina Bigodi, kando ya msitu wa Kibale, ambako tangu mwaka 1992 chama cha wanakijiji kimekuwa kikiwatembeza wageni kwenye kinamasi. Ndiyo, kinamasi: mafunjo, matope, ndege na kima. Mapato yake yalisaidia kuanzisha shule ya sekondari ya Bigodi. Mtu wa Butiama akisoma hivyo anapaswa kukumbuka kilichopo chini ya daraja la Kirumi, kwenye mto Mara. Mto Mara unaanzia kwenye msitu wa Mau nchini Kenya, unakatisha Maasai Mara na Serengeti mbele ya kamera za dunia nzima, halafu unaingia kwetu na kutanda kwenye mafunjo yasiyo na mwisho kabla ya kufika ziwani. Kuna ndege wanaoishi kwenye mafunjo tu na si mahali pengine, na watu wazima wenye akili zao huvuka bahari kuja kuwatafuta kwa darubini. Wavuvi wa hapo wanajua kila mkondo, na mitumbwi wanayo tayari. Hata misitu haikosekani kabisa: kandokando ya mto Grumeti kuna ukanda wa miti mirefu wenye mbega weusi kwa weupe, na Mwitongo, Butiama, upo msitu mdogo wa Muhunda ambao Wazanaki wameulinda kwa mila muda mrefu kabla neno uhifadhi halijaingia kwenye hotuba.

Lakini mandhari ni sehemu rahisi. Ugumu uko kwenye mamlaka juu ya fedha, na hapo Mara ina somo lake lenyewe katika wilaya jirani ya Serengeti. Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 iliahidi kwamba vijiji vinavyotenga ardhi kwa ajili ya wanyama vitafaidika navyo, na kanuni za mwaka 2002 zikaweka utaratibu wa maeneo ya hifadhi za jamii, yale tunayoyaita WMA. Mojawapo ni Ikona, inayounganisha vijiji vitano. Kimojawapo, Robanda, cha Waikoma, kilikuwa tayari na mikataba yake na kampuni za utalii zilizoweka mahema kwenye ardhi ya kijiji. Kampuni ililipa, halmashauri ya kijiji ikapokea, mkutano mkuu ukauliza. Haishangazi kwamba Robanda walisita kuingia kwenye umoja ambao ungewataka kugawana mapato hayo na vijiji visivyopokea mgeni. Kisha kanuni za mwaka 2007 za utalii usio wa uwindaji zikaelekeza ada za wageni zilipwe kwanza serikalini, na mgawo urudi chini baadaye. Kuna hoja ya haki katika kugawana, kwa sababu nyumbu hawasimami mpakani mwa kijiji kimoja. Tena mikataba ya vijiji ilikuwa na uchafu wake, na wenyeviti waliokula fedha si hadithi ya kutunga. Hata hivyo gharama ya njia ndefu ni kubwa: mwanakijiji akiambiwa mgawo wa mwaka huu ni kiasi fulani, hana namna ya kujua kama ni sahihi. Hakuwaona wageni wakihesabiwa. Anapokea kama anayepewa zawadi, na mpewa zawadi haulizi risiti.

Wazee wa Kanda ya Ziwa walilijua tatizo hili kwenye pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa kanda hii walikuwa wakipunjwa na wanunuzi kwenye mizani. Kabla hawajawa na ghala wala kinu cha kuchambulia, walianza na jambo dogo: waliweka watu wao wa kupima, wasimame penye mizani wasome uzito wenyewe. Kutokana na hilo vyama vya msingi viliota, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria chini ya Paul Bomani, uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa barani Afrika. Anayesema Mwafrika wa kijijini hawezi kuendesha biashara ya pamoja aeleze kwanza hiyo pamba. Anayetaka kunijibu kwamba ushirika ulioza, naye ana haki: ukubwa uliwaweka wanachama mbali na hesabu, siasa ikaingia, na mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vyote. Sioni kama hilo linapinga hoja yangu. Chama kilikuwa na nguvu pale mkulima alipoweza kuisoma mizani, kikadhoofika ilipohamia ofisini. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari likiwa kwenye mji ambao mwanachama hafiki, ni sawa na kutokuwepo.

Ndiyo maana kambi ya kijiji inapaswa kuwa ndogo. Vibanda sita, jiko, vyoo safi, maji ya moto ya kuogea kwenye ndoo na taa za sola vinatosha kuanzia. Ukubwa huo unaruhusu kitu ambacho hoteli haiwezi: kila mtu anaona gari likiingia. Wageni wanne wamelala jana, kijiji kizima kinajua, na daftari likionyesha wawili mtu atauliza. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inavipa vijiji mkutano mkuu wa kila miezi mitatu ambamo mapato na matumizi yanapaswa kusomwa. Tatizo la vijiji vingi ni kwamba kinachosomwa kimetoka juu, watu wanasinzia. Fedha ya kitanda ni tofauti, kwa kuwa mama aliyesonga ugali wa muhogo na kukaanga sato anajua alipika sahani ngapi. Leseni ya biashara ya utalii na masharti ya afya vitahitaji mtu aliyesoma, na meneja wa kuajiriwa si aibu. Awe mwajiriwa tu, kijiji kiwe na uwezo wa kumwondoa.

Pingamizi lililo zito kuliko yote halihusu uendeshaji. Linahusu tembo. Katika vijiji vya Bunda vinavyopakana na hifadhi, tembo huingia usiku na kumaliza shamba la mahindi au mtama kabla ya asubuhi. Serikali ina kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za mwaka 2011, na majina yenyewe yanakiri kwamba si fidia. Kambi ikifunguliwa kando ya lami, watakaopata kazi ni wa senta, wenye kiingereza kidogo na pikipiki. Watakaoliwa mazao ni wa mpakani. Bwindi nako malalamiko ya namna hii yapo mpaka leo. Kwa kambi isiyojali hilo, tembo ni mapato ya jirani na hasara yangu, na mwenye hasara akitega waya kwa ajili ya kitoweo, hotuba haitamzuia. Jibu ninaloliona si kamili: sehemu ya kila usiku wa mgeni itengwe kabla ya matumizi mengine yoyote, iende kwa walinzi wa mashamba ya mpakani, tochi, uzio wa pilipili na mizinga ya nyuki, ambayo nchini Kenya imeonyesha kwamba tembo huogopa kuikaribia. Haitarudisha kila gunia. Lakini mkulima ataona uhusiano kati ya mgeni aliyelala na mlinzi aliyekesha.

Jingine ni ardhi. Katika kata ya Nyatwali, kati ya hifadhi na ziwa, serikali iliamua kuwahamisha wakazi kwa fidia ili Serengeti ifike Ghuba ya Speke na wanyama wapate maji. Uamuzi huo unaweza kutetewa kiuhifadhi. Ila mwanakijiji wa jirani anayeutazama hawezi kulaumiwa akisita kujenga hata banda la nyasi. Kijiji kisicho na cheti cha ardhi na mpango wa matumizi uliopitishwa hakina msingi wa kumkaribisha mgeni, na kwenye hilo halmashauri za wilaya zingesaidia zaidi kuliko kwa semina za ujasiriamali.

Ikibidi kuchagua pa kuanzia, ningeanza Butiama, mbali na tembo. Sababu ni soko. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga viwanja vya ndege, wageni wa nje walioingia Tanzania walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 hadi kama 620,000, na kambi zilizotegemea Wazungu peke yao zilibaki na mashuka yaliyokunjwa. Butiama ina kaburi la Mwalimu Nyerere, ina makumbusho yake yaliyofunguliwa mwaka 1999, na ina Watanzania: shule, vyuo, makanisa, vikundi vya wastaafu, hasa karibu na Oktoba 14, siku ya kumkumbuka. Mabasi yao hufika asubuhi na kurudi Musoma au Mwanza jioni. Kundi la wanafunzi arobaini halihitaji hema la dola mia tano. Linahitaji bweni, ugali, mzee wa kuwasimulia Wazanaki walikotoka, na kesho yake asubuhi mtumbwi huko Kirumi. Kuhusu Muhunda, wazee wa ukoo ndio wenye kusema mgeni anafika wapi na anasimama wapi. Wakisema haingiwi, basi haingiwi, hata kama mgeni amelipa.