Kumsimamia mwanagenzi wa ushauri si kusimamia mtihani

Majuzi niliombwa kutafsiri fomu ya kuwatathmini wanagenzi wa tiba ya kisaikolojia, yaani wale ambao tayari wanahudumia wateja ila hawajahitimu. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Kumbe neno moja lingenikwamisha siku tatu: usimamizi.

Wengi wetu humu nchini tukisikia msimamizi, tunamwona yule anayepita katikati ya madawati akiwakodolea watahiniwa macho. Mshauri mkongwe aliyenipa kazi hiyo alinionya mapema. "Mwalimu, usimamizi wa aina hiyo ndio ulionipotezea mteja."

Mwanagenzi wake alikuwa akimhudumia mjane. Kila wiki kijana alileta rekodi za vikao, kwa idhini ya mteja, ila zile nzuri tu. Siku mjane alipoangua kilio, kijana aliingiwa na hofu akabadilisha mada. Kikao hicho hakukitaja kamwe. Mama yule hakurudi, na simu yake nayo ikawa mteja, kama wasemavyo vijana. Kwenye fomu, kijana alikuwa na alama za juu: mnyenyekevu, hufika mapema, hufuata maagizo.

Vipimo vya stadi zenyewe vipo. Kile cha Wamarekani Young na Beck cha mwaka wa 1980, kinachohusu tiba ya kurekebisha fikra, kina vipengele 11, kila kimoja kikiwa na alama 0 hadi 6. Mtathmini husikiliza kikao chenyewe, hategemei masimulizi. Hata hivyo, atapima kikao alichopewa tu.

Ndiyo maana sehemu ya usimamizi ina uzito. Mwanzoni niliandika, "Hutii ushauri wa msimamizi." Balaa! Hu- hiyo ni ya mazoea au ya kukanusha nafsi ya pili? Utata huo ulinisaidia, kwa sababu utii haukuwa jambo la kupimwa hata kidogo. Nikafuta nikaandika, "Huleta kikao kilichomshinda bila kukificha, na vikao vinavyofuata huonyesha alichojifunza."

Niliwazia pia neno ulezi, lakini mwanagenzi ni mtu mzima, na mlezi kwetu ni wa chama. Nikabakisha usimamizi na kuongeza maelezo.

Mshauri alikisoma kipengele hicho mara mbili, akanyamaza kidogo. "Mwaka wangu wa kwanza," akasema, "hapa ningefeli."