Mtoto akitaka tovuti yake, usikimbilie kukataa

Jumapili moja jioni binti yangu wa miaka 14 aliniita kwenye kompyuta ya baba yake. "Mama, njoo uone tovuti yangu."

Nilitazama nikaishiwa nguvu. Juu kulikuwa na majina yake yote matatu. Chini yake ilikuwa picha yake akiwa na sare, nembo ya shule ikisomeka vizuri. Kisha jina la mtaa wetu na namba yangu ya simu.

Nilitaka kumwambia afute kila kitu. Bahati nzuri niliuliza kwanza: "Umeshaiweka hewani?"

"Bado, Mama. Ipo kwenye kompyuta tu."

Nikavuta kiti.

Mzazi, jambo hili si gumu kama linavyosikika. Ukurasa wa tovuti ni faili la maandishi. Mtoto anafungua programu ya kuandikia kama Notepad, anaandika kwa lugha iitwayo HTML, analihifadhi faili kwa jina la index.html, kisha analifungua kwa kivinjari kama Chrome. Hapo hatumii bando hata kidogo. Kichwa cha ukurasa hukaa kati ya <h1> na </h1>, na aya hukaa kati ya <p> na </p>.

Mapambo yana lugha yake, CSS. Humo ndimo anapochagua rangi, ukubwa wa herufi na nafasi kati ya picha na maneno. Akikosea herufi moja, rangi inagoma, na inabidi alitafute kosa mstari kwa mstari. Binti yangu alihangaika nusu saa kwa sababu ya nukta mkato moja. Sijawahi kumwona akirudia hesabu za shule kwa uvumilivu ule.

Halipii chochote kwa kutumia lugha hizi. Tim Berners-Lee alibuni mfumo wa tovuti akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, na mwaka 1993 kituo hicho kiliuachia watu wote wautumie bure.

Hatari inaanza pale ukurasa unapowekwa hewani. Kabla ya hatua hiyo, kaeni pamoja mkague haya:

Jina: la kwanza au la utani linatosha.

Mahali: shule, mtaa, namba ya simu na ratiba ya kwenda tuisheni visiwemo.

Picha: sare humtambulisha mtoto hata kama jina la shule halijaandikwa. Tena, picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, kama kamera imeruhusiwa kutumia lokesheni. Zima ruhusa hiyo. Pia punguzeni ukubwa wa picha, ili wanaotembelea ukurasa wasimalize bando.

Akaunti: zipo huduma za bure za kuweka tovuti hewani, kama GitHub Pages na Google Sites. Someni masharti ya umri kwanza. GitHub, kwa mfano, haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kufungua akaunti. Nywila aijue na mzazi.

Akikua na kutaka anwani yake mwenyewe, Tanzania ina majina yanayoishia na me.tz kwa ajili ya watu binafsi. Hayo hulipiwa kila mwaka, hivyo hakuna haraka.

Nilimuuliza binti yangu: ukiondoa jina, shule na picha, una nini cha kuwaambia watu? Alinyamaza, kisha akasema, "Vitendawili vya bibi." Leo ukurasa wake una vitendawili 22, na jibu linajitokeza ukigusa swali. Bibi yake amekuwa akipigiwa simu kila wiki aongeze vingine.

Lakini jioni ile haikuishia hapo. Tulipomaliza kuondoa picha ya sare, aliniangalia akauliza, "Mama, mbona wewe unaiweka hiyohiyo kwenye status yako ya WhatsApp?"

Sikuwa na jibu. Usiku nilichukua simu yangu, nikafuta picha tatu. Ndipo nikamwambia ukurasa wake sasa anaweza kuuweka hewani.