Tukio Moja, Vitenzi Vitatu: Mnyambuliko na Mtazamo katika Filamu Fupi
Filamu ya mitazamo mingi, kama Rashomon ya Akira Kurosawa (1950), hurudia tukio moja kupitia wasimulizi wanaopingana. Katika Kiswahili, tofauti hiyo haitegemei kamera peke yake. Hubebwa pia na umbo la kitenzi. Chukulia filamu fupi kuhusu shamba la uwele lililoliwa na mifugo katika nyanda kame za Dodoma, ambako mvua ni ya msimu mmoja na mazao yakipotea, mwaka mzima umepotea. Mkulima husema, “Amewaingiza ng’ombe shambani.” Mfugaji hujibu, “Ng’ombe wameingia.” Mtendaji wa kijiji huandika, “Ng’ombe waliingizwa.” Kitenzi cha kwanza, chenye kiambishi cha utendeshi, humwelekezea mtu kosa. Cha pili humwondoa mtu huyo kabisa. Cha tatu huunganisha utendeshi na utendwa: hukiri kuwa yupo aliyewaingiza, lakini hakimtaji. Picha ni ileile. Hukumu ni tatu. Hivyo, mwandishi wa muswada anayewapa wahusika wote kauli moja huwa ameshaamua shauri kabla mtazamaji hajalisikiliza.